Uzoefu wangu: nimeandika draiva ya USB kwa mizani ya korosho

Mama mdogo anakaanga korosho hapa Mtwara, Chikongola, anazifunga pakiti za gramu 250 na kuuza. Alinunua mizani ndogo ya mezani yenye waya wa USB, inayobeba mpaka kilo tano. Programu iliyokuja nayo ni ya Windows tu. Laptopu yangu ni kuukuu, inatumia Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Mama mdogo akaniambia: "Si wewe ndiye fundi wa kompyuta? Basi iunganishe." Hapo ndipo nilipoanza kujifunza draiva za Linux, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuongea na kifaa, nikiwa na lugha ya C kidogo ya chuoni.

Ninayoyapitia hapa ni mafaili mawili ya bure yaliyomo ndani ya chanzo cha keneli yenyewe, kiini cha Linux: usb-skeleton.c na usbmouse.c. Ndiyo yaliyokuwa walimu wangu.

Nianze na bando, maana ndilo lililonitia hofu. Usishushe keneli nzima pamoja na historia yake, ni gigabaiti kadhaa. Kujenga moduli, kipande cha kuongezwa kwenye keneli kama draiva hii, kunahitaji build-essential na linux-headers za toleo lako, basi. Mafaili ya mfano unayashusha moja moja, kila moja dogo kuliko picha ya WhatsApp.

usb-skeleton.c limepangwa vizuri na maelezo yake yanasomeka. Unaona wazi kwamba kifaa kikichomekwa keneli inaita probe, kikichomolewa inaita disconnect. Ndani mna namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, zote zimewekwa fff0 kama mfano. Unaweka za kifaa chako ulizozisoma kwa lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Nikaweka, nikajenga, nikapiga insmod ili kuingiza moduli kwenye keneli, nikachomeka mizani. Kimya. Jioni mbili nimekaa nakodolea dmesg, ujumbe wa keneli, kama anayesubiri basi la Masasi lililokwishaondoka.

Kumbe mizani ilikuwa na mwenyewe. Mizani za aina hii hujitambulisha kama HID, ukoo mmoja na kibodi na kipanya, kwa hiyo draiva ya usbhid huidaka kabla yako. Inabidi uandike anwani ya kifaa, yangu ilikuwa 1-2:1.0, kwenye /sys/bus/usb/drivers/usbhid/unbind, ndipo iachiwe. Na ukichomoa ukachomeka tena, unaanza upya. Jambo hili skeleton halikudokezi hata kidogo, na kwa anayeanza ndilo linalokatisha tamaa kuliko yote.

Baada ya hapo probe ikaitwa, ikakataa. Skeleton hutafuta endipointi (milango ya data ya kifaa) mbili za bulk, moja ya kuingiza na moja ya kutoa, zile za kusafirishia mzigo mkubwa kama wa flashi. Mizani yangu ina moja tu ya kuingiza, ya aina ya interrupt, ile ya data ndogo ndogo za mara kwa mara. Hapo usbmouse.c likaniokoa. Ni fupi, na linaonyesha URB (ombi la kusafirisha data ya USB) ya interrupt inavyojazwa, inavyotumwa, na inavyotumwa tena kila jibu linapofika. Nikachukua usomaji wa kipanya nikaupachika kwenye mifupa ya skeleton.

Usiku wa data ya kwanza sitausahau. Niliweka korosho nusu kilo, zikatoka baiti sita, kwa namba za hex (za msingi wa 16): 03 04 02 00 f4 01. Ya kwanza ni namba ya ripoti. 04 maana yake uzito umetulia, 02 ni gramu, 00 ni sehemu ya desimali. Mbili za mwisho ndizo uzito wenyewe. Programu yangu ikaandika gramu 62465. Kilo sitini na mbili, juu ya kimizani cha kilo tano! Nilikuwa nimezisoma kuanzia kushoto, kumbe baiti ndogo ndiyo inayotangulia: 01f4 ya hex ndiyo 500 ya kawaida. Mama mdogo alicheka, akasema angekuwa ameshajenga nyumba.

Kosa kubwa lilikuwa la kiburi. Kwenye skeleton kuna mistari ya kref, inayohesabu ni nani bado anakitumia kifaa. Nikaiona pambo, nikaifuta. Siku moja mama mdogo akachomoa waya ili achaji simu, programu yangu ikiwa bado imefungua faili la kifaa. Disconnect ikafuta kumbukumbu, programu ikaendelea kusoma palepale palipofutwa. Laptopu ikaganda, na daftari la mauzo ya siku hiyo nilikuwa sijalihifadhi. Mistari ile nikairudisha kwa adabu. Jaribio la namna hii lifanyie kwenye mashine isiyo na kitu cha mtu.

usb-skeleton.c nalipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa kimya chake kuhusu usbhid. usbmouse.c nalipa tano, japo kwa kazi ya kila siku usbhid ndiyo inayoendesha vipanya vyetu.

Ila kama shida yako ni mizani tu, wala si kujifunza, usipite nilikopita. Ukimwacha usbhid na mizani yake, baiti zilezile sita unazipata kwenye /dev/hidraw0 kwa mistari kama kumi ya Python. Hiyo ndiyo inayotumika nyumbani sasa. Draiva yangu imelala kwenye folda. Na mama mdogo kila pakiti bado anaipitisha kwenye mizani yake ya mawe kwanza, ndipo anaiweka kwenye ile ya USB.