Duka la chanjo za kuku mjini Nakuru

Vifaranga wangu 300 wa mayai walipofikisha siku 7, nilinunua chanjo ya kideri (ugonjwa wa virusi wa kuku, uitwao pia Newcastle) katika duka la dawa za mifugo mjini Nakuru, ambako muuzaji aliitoa kwenye friji yenye kipimajoto kilichoonyesha nyuzi 4, akaifungasha pamoja na barafu, kisha akanionya nisiichanganye na maji ya mfereji yenye klorini, kwa kuwa klorini huua virusi hai vya chanjo. Ni maelezo hayo, wala si bei, yaliyonirudisha huko kununua chanjo ya Gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi unaoshambulia vifaranga) siku ya 14. Lawama ninayo moja: siku hiyo zilikuwepo chupa za dozi 500 pekee, nami nikalazimika kumwaga salio, kwani chanjo iliyokwisha kuchanganywa haihifadhiki.