Uzamili wa Historia ya Waafrika wa Ughaibuni: Uzoefu Wangu

Kwa miaka miwili nilisomea shahada ya uzamili ya historia na utamaduni wa watu wenye asili ya Afrika waliotawanyika duniani, katika chuo kimoja cha Marekani ambacho sitakitaja jina.

Kwa upande wa Atlantiki sina lalamiko. Katika semina ya kwanza tulifunguliwa kanzidata ya safari za meli za watumwa, ambayo hukadiria kwamba watu milioni 12.5 walipakiwa Afrika na kwamba milioni 10.7 tu ndio walioshuka hai ng'ambo, kisha kila mmoja wetu akatakiwa kufuatilia meli moja tu, kutoka bandari ilikopakia hadi ilikoshusha, mpaka tarakimu zikaanza kuwa watu. Tulisoma habari za Palmares, maskani ya watoro huko Brazili ambayo kiongozi wake, Zumbi, aliuawa mwaka 1695, na Haiti pekee ilipewa wiki tatu, kuanzia uasi wa 1791 hadi uhuru wa 1804.

Bahari ya Hindi ilipewa wiki moja. Uasi wa Wazanji, watumwa wenye asili ya Afrika wa kusini mwa Iraki (869–883), tuliupita mbio, na vivyo hivyo Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akaishia kushika hatamu za dola ya Ahmednagar, India, hadi alipofariki mwaka 1626. Masidi wa Gujarat, Wahindi wenye asili ya Afrika ambao ngoma yao hadi leo huiita goma, walipata nusu ukurasa. Kwa mtu aliyekulia Pwani, hilo lilikuwa gumu kulimeza.

Kero kubwa zaidi ilikuwa lugha. Tulitakiwa kuwa na lugha ya utafiti mbali na Kiingereza, na orodha ilikuwa na Kifaransa, Kihispania na Kireno. Niliandika barua tatu ndipo Kiswahili kikakubaliwa, kwa kuwa walishikilia kwamba lugha ya nyumbani si lugha ya utafiti, ingawa mwenzangu aliyezaliwa Ufaransa hakuulizwa kwao huzungumzwa nini.

Msimamizi wangu, mtaalamu wa Karibi, alikiri mapema kwamba habari za Ghuba ya Uajemi hazijui, na ukweli huo ulinifaa sana, kwani aliniachia njia huku akinibana kwenye hoja. Tasnifu yangu ilihusu maelezo ya watumwa, wengi wao wapiga mbizi wa lulu, walioomba hati za uhuru kwa maofisa wa Uingereza katika Ghuba miaka ya 1920 na 1930. Nyaraka nyingi za aina hiyo husomwa bure katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar. Pale karani alipoliboronga jina la mahali, nililitamka kwa sauti mara mbili tatu, na mara nyingine likajitokeza.

Anayevutiwa na Brazili au Karibi aombe bila kusita. Anayetaka Bahari ya Hindi aulize kwanza ni nani atakayemsimamia, na aombe kuiona orodha ya lugha. Nilipoondoka, Kiswahili kilikuwa kimeongezwa, chini kabisa, kwa kalamu.