Uzoefu wangu na kifaa cha kupima gari kwa simu: injini iliyokuwa ikizima barabara ya Malindi na Kilifi

Gari langu ni la mzigo, la gia za mkono, na kila alfajiri hulipakia samaki wa barafu kutoka Malindi kwenda Kilifi. Mwezi wa Novemba lilianza kuzima njiani. Halikukohoa wala halikupoteza nguvu kwanza. Lilizima ghafla kama taa, usukani ukawa mzito, na breki ikawa ngumu baada ya kuikanyaga mara mbili tatu. Nililisukuma pembeni, nikangoja kiasi cha dakika 20 huku maji ya barafu yakichuruzika chini ya tela, kisha likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Tangu siku hiyo likawa halizimi mpaka liende nusu saa na zaidi, injini ikiwa imepata moto sawasawa.

Gereji mbili zililishughulikia. Ya kwanza ilibadilisha plagi na chujio la mafuta. Ya pili ilisema pampu ya mafuta imekufa, kwa kuwa gari lilipozima mbele yao pampu haikusikika ikilia, nami nikalipa shilingi 14,500 za pampu na kazi. Siku ya tatu gari lilizima tena karibu na Gede. Jambo ambalo sikulijua wakati ule, na ambalo naliona ndilo lililonigharimu zaidi kuliko pampu yenyewe, ni kwamba kila gereji ilipomaliza kazi ilifuta namba za hitilafu zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, na pamoja nazo ikafutika kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea. Ushahidi wote ulikuwa umeondoka.

Mwezi wa Februari nilinunua kifaa kidogo cha kupima gari, kwa shilingi 1,800. Ukubwa wake ni kama wa kiberiti, na huchomekwa kwenye tundu la pini 16 lililo chini ya dashibodi, upande wa dereva. Kinazungumza na simu kwa bluetooth, na programu iliyo kwenye simu husoma namba za hitilafu na kuonyesha vipimo vya injini palepale inapofanya kazi: mizunguko ya injini kwa dakika, joto la maji, mwendo wa gari na vinginevyo. Kilichonifaa zaidi ni kwamba programu huweza kurekodi vipimo hivyo safari nzima. Taa ya injini kwenye dashibodi yangu ilikuwa haijawaka hata mara moja, kwa hiyo kusoma namba gari likiwa limesimama nyumbani kusingenifikisha popote.

Siku ya nne ya kurekodi, gari lilizima baada ya kupita msitu wa Arabuko-Sokoke, kabla ya Matsangoni. Niliegesha, nikafungua rekodi. Mizunguko ilikuwa 2,400, kisha papo hapo ikasomeka 0, ilhali mwendo wa gari ulisomeka kilomita 58 kwa saa. Niliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Gari lilikuwa kwenye gia ya nne na sikuwa nimekanyaga klachi, maana yake magurudumu yalikuwa bado yanaizungusha injini, na haiwezekani injini inayozungushwa isome 0. Basi injini haikuwa imesimama. Kompyuta ndiyo iliyokuwa imeacha kuiona ikizunguka. Nilipopiga stati nikasikia injini inazungushwa vizuri, lakini kwenye simu mizunguko ilibaki 0. Muda mfupi baadaye ikatokea namba P0335, inayohusu saketi, yaani njia ya umeme, ya sensa ya krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini.

Hapo hadithi ya pampu nayo ikaeleweka. Sensa ya krenki ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Habari hiyo ikikatika, kompyuta husimamisha moto wa plagi na pampu ya mafuta kwa pamoja, kwa hiyo pampu nzima kabisa hunyamaza, na fundi anayetegemea sikio lake huihukumu.

Kosa lililofuata ni langu. Niliisoma namba kama jina la kifaa kilichoharibika, nikanunua sensa mpya, na gari likazima tena baada ya siku mbili. Ndipo nilipompelekea simu yangu mzee mmoja wa hapa Malindi, fundi wa umeme wa magari. Aliisoma rekodi kwa utulivu, akaniambia: "Mwanangu, mashine imekuonyesha mtaa. Nyumba tutaitafuta sisi." Aliiacha injini ikiunguruma mpaka ikapata moto, akaingiza mkono chini na kuukunja polepole waya unaotoka kwenye sensa, na mahali unapopita karibu na bomba la moshi injini ikazima mkononi mwake. Alipouchana ukaonekana: plastiki imekauka kama ganda la yai, na nyuzi za shaba ndani zimegeuka kijani kwa chumvi ya bahari, zimebaki mbili tatu tu zinazogusana. Alikata sehemu ile, akaunga waya mpya kwa lehemu, akaupitisha mbali na bomba. Alinitoza shilingi 1,500.

Kifaa kina kasoro zake. Mara mbili kilipoteza mawasiliano na simu katikati ya safari, maelezo yake yote ni ya Kiingereza, na nilipokisahau kwenye tundu tangu Ijumaa hadi Jumatatu nilikuta betri imelala, kwa sababu tundu lile lina umeme hata swichi ikizimwa. Sasa hukichomoa kila jioni. Hata hivyo nakipa nyota nne kati ya tano. Anayekinunua kwa ajili ya gari linalozima asikimbilie kufuta namba, na asiende gereji kabla ya kulinasa tukio lenyewe kwenye rekodi. Mizunguko ikishuka polepole huku injini ikihangaika, atazame upande wa mafuta na hewa, na ikikatika mara moja kama yangu, atazame umeme, akianza na waya kabla ya sensa. Tangu mwezi wa Machi naenda Kilifi na kurudi, na gari halijazima tena.