Kusaka aksioni: plazima ya leza au sumaku ndefu?

Aksioni ni chembe nyepesi inayokisiwa tu, bado haijaonekana; husakwa kwa kujaribu kugeuza mwanga kuwa aksioni ndani ya uga wa sumaku. Kwa ukali wa uga, plazima ya leza (gesi iliyochanganuliwa kuwa chembe zenye chaji kwa leza kali) haina mpinzani: hufikia maelfu ya tesla, kipimo cha nguvu ya uga. Ila kinachozaa aksioni ni uga mara urefu. Tesla 10,000 ndani ya mikromita 100 ni tesla-mita 1 tu. Jaribio la ALPS II la Hamburg, Ujerumani, lina ukuta unaozuia mwanga, na sumaku 12 ndefu za tesla 5.3 kila upande wake; ukizidisha na urefu wake, kila upande una karibu tesla-mita 560. Na kwa kuwa fotoni (chembe ya mwanga) hugeuka aksioni, ikavuka ukuta, kisha ikarudi fotoni, pengo hilo hupandishwa kwa kipeo cha nne. Si mchezo.

Aksioni zikiwa nzito kidogo, plazima hupata nafuu. Sumaku ndefu hupoteza ulinganifu wa mawimbi: la mwanga na la aksioni haliendi tena kwa hatua moja. Plazima hurekebishwa ulinganifu huo kwa kubadili shinikizo la gesi. Kero yake ni eksirei na mshtuko wa sumakuumeme unaovuruga vipokezi. Sumaku nazo hudai heliamu baridi muda wote.

Mwanafunzi wa Dodoma mwenye kompyuta tu aige mwenendo wa plazima kwa programu huria, akihifadhi hatua kila baada ya muda, maana umeme hukatika. Aliyepata nafasi maabara ya nje, na mwenye subira ya kupanga vioo vya kurudisha mwanga wa leza, sumaku zitamfaa zaidi.