Token Test: vibao 20 vinavyoumbua sarufi iliyoharibika

Token Test hupima kama mtu anaelewa amri anazosikia: mpimaji anasema, anayepimwa anagusa vibao. Kisanduku chake hakina mbwembwe: vibao 20, miduara na miraba, vikubwa na vidogo, rangi tano. Toleo fupi la De Renzi na Faglioni (1978) lina amri 36 katika sehemu sita. Hakuna picha wala kikombe, na huo ndio ujanja wake. Mwenye afasia (lugha iliyoharibika kwa jeraha la ubongo) akisikia "mtoto amekula embe" huelewa hata kama sarufi imemtoka, maana embe halili mtoto. Kwenye vibao hakuna pa kubahatisha.

Sehemu ya 6 ndiyo inayonunuliwa hasa. "Gusa mduara mweusi kwa mraba mwekundu", kisha "gusa mduara mweusi na mraba mwekundu". Kimebadilika kineno kimoja tu. Mtu anayejua rangi zote na maumbo yote akigusa vibao viwili vilevile mara zote mbili, msamiati umebaki, viungo vya sentensi vimevunjika. "Badala ya" na "isipokuwa" humnasa vivyo hivyo.

Sehemu ya 5 ina kasoro. "Gusa mduara mkubwa mweupe na mraba mdogo wa kijani" ni mzigo wa kumbukumbu kuliko sarufi. Kwa hiyo jumla peke yake hupotosha. Andika alama za kila sehemu kando.

Utumiaji: katika sehemu ya 2, 4 na 6 ondoa vibao vidogo. Usikitazame kibao unachokitaja, macho huvujisha jibu. Akikosea au akinyamaza sekunde 5, rudia amri mara moja tu. Akipatia, mpe nusu alama. Mkono wa kulia ukiwa umepooza, atumie wa kushoto.

Tafsiri ndiyo huharibu kazi. Ukisema "duara", upatanisho unatoa siri: "jekundu" ni duara, "mwekundu" ni mraba, hata jina lenyewe lisiposikika. "Mduara" huziba tundu hilo, ingawa hukaribiana na "mraba" kwa sauti, hivyo hakikisha kwanza kwamba anasikia vizuri. Tena, kizingiti cha alama 29, ambacho chini yake hushukiwa afasia na kinachorekebishwa kwa miaka ya shule, kilitokana na Waitaliano; kwa Kiswahili kichukuliwe kama dokezo tu.

Kwa kunusa afasia isiyoonekana kwenye mazungumzo, ni kifaa kizuri mno. Kujua nani kamtenda nani, kama "simba amefukuzwa na chui", vibao havifiki. Hapo tafuta seti ya picha.