Karatasi iliyoniachisha kuomba samahani: Hahnemühle Photo Rag Baryta

Zamani nikiingia galari na bahasha yangu kwapani, neno la kwanza kunitoka lilikuwa samahani. "Samahani, hizi ni za dijitali." Mtu hata hajazitoa kwenye bahasha!

Nimekulia na picha za kusafishwa kwa dawa kwenye chumba cha giza. Marehemu baba aliacha picha yake moja ya Capital Art Studio, Mji Mkongwe, ile studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na weusi wa koti lake ndio kipimo changu mpaka leo. Printi zangu za kwanza za nyeusi na nyeupe, za duka moja la mjini, hazikufika hata nusu yake. Mlangoni zina kijivu safi. Ziingize ndani kwenye taa ya tyubu, zinaota ukijani kama mkate uliolala. Kijivu chao kilitokana na kuchanganya wino wa rangi, na kijivu cha namna hiyo hugeuka taa ikigeuka.

Karatasi hii nimeitumia mwaka mzima sasa, saizi ya A3+, kwenye printa ya rafiki yangu, Epson P900. Mpangilio wa nyeusi na nyeupe wa mashine hiyo hutegemea zaidi wino mweusi na kijivu cha aina mbili. Rangi zinadondoshewa tu. Karatasi yenyewe ni pamba tupu, gramu 315 kwa mita ya mraba, imepakwa bariamu salfeti, dawa ileile ya karatasi za chumba cha giza.

Nilianza na picha ya bibi wa Kizimkazi, amesimama na buibui lake ndani ya mlango usio na mwanga. Kwenye skrini buibui lilikuwa doa. Kwenye printi ukaja mkunjo wa begani, halafu mshono wa mkono, na giza la mlango nyuma yake likabaki giza. Nilikaa nayo dirishani mpaka chai ikapoa.

Photo Rag ya kawaida, ile ya gramu 308 isiyong'aa, ninayo pia. Kwa bahari na ukungu wa alfajiri naipenda zaidi, ila weusi wake hauzami hivi. Ukishaitia fremu yenye kioo, tofauti inapungua.

Bei inauma, siwafichi. Najaribu kwanza kwenye kipande, halafu ndiyo naweka karatasi nzima. Na uso wake ni mwepesi wa kukwaruzika: printi moja niliiua mwenyewe kwa kufuta alama ya kidole na ncha ya kanga. Masika nyingine nikasahau karatasi tupu nje ya mfuko, ikajikunja kingo, kichwa cha mashine kikapaka wino pembeni. Uzembe wangu huo.

Juzi nilikwenda galari moja Oyster Bay. Mama mwenye galari akavaa glavu, akaipeleka printi dirishani, akaiinamisha huku na huku.

"Hii umesafisha wapi, mwanangu?"

"Sijasafisha, mama. Ni wino wa pigmenti kwenye karatasi ya pamba. Nimechapisha kumi tu, hii ya tatu. Sahihi na namba viko nyuma, kwa penseli."

Akaigeuza, akasoma 3/10. Habari ya kompyuta hakuigusa. Aliuliza bei, na hapo ndipo nilipobabaika.