Duka la dawa la Mwanjelwa: Marburg mlangoni, mafua kaunta

Duka ninalolitathmini liko Mwanjelwa, jijini Mbeya, upande ambao bajaji hupanga foleni kusubiri abiria wa sokoni. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa kasoro yake kubwa nimeikuta pia katika maduka mengine ya dawa mjini hapa, na si haki duka moja libebeshwe mzigo wa wote. Nimelipima kwa jambo moja: namna linavyomhudumia mtu mwenye mafua katika miezi ya Juni hadi Agosti, baridi ya Mbeya inapokaza na nusu ya wateja wanaosimama kaunta wanakohoa.

Sifa zake ni za kweli na hazihitaji maneno mengi. Dawa zimepangwa vizuri, tarehe ya mwisho ya matumizi unaonyeshwa kabla hujauliza, risiti inatolewa, malipo ya simu yanapokelewa, na wahudumu wana adabu kwa wazee.

Mlangoni kuna bango kubwa la Marburg, ile homa kali ya virusi, lenye picha na maelezo, na chini yake ndoo ya kunawia mikono yenye koki. Lilibandikwa mwanzoni mwa 2025, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kutangaza Januari 20 kwamba ugonjwa huo umethibitika wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, kona nyingine kabisa ya nchi. Mhudumu aliniambia kwamba wiki ile barakoa na vitakasa mikono viliisha, na kwamba baadhi ya wateja walikuja kuulizia chanjo ya Marburg, ambayo hadi wakati huo haikuwa imeidhinishwa popote duniani. Hofu hiyo siicheki. Marburg huua kwa wastani nusu ya wanaoipata. Katika mlipuko wa Biharamulo walihesabiwa wagonjwa 10 na wote walifariki, na katika ule wa Bukoba wa 2023 walikuwa 9, wakafariki 6. Mtu mwenye akili timamu hunawa mikono akisikia habari hizo. Lakini mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa kwisha Machi 13, 2025, bango likabaki na ndoo ikakauka, wakati watu waliosimama hatua mbili kutoka hapo wanapigana chafya usoni bila kiganja wala leso.

Kuhusu influenza, yaani yale mafua makali yanayomlaza mtu kwa homa na maumivu ya viungo, dukani humo hamna hata karatasi moja iliyobandikwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka ugonjwa huo wa msimu huwalaza vibaya watu milioni 3 hadi 5, na huua kati ya 290,000 na 650,000 kwa matatizo ya upumuaji pekee. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa maambukizi ya mapafu yanayotokana na influenza, asilimia 99 wako katika nchi zinazoendelea. Marburg huhitaji kugusana na damu au majimaji ya mgonjwa. Influenza huenda kwa hewa, na mgonjwa anaweza kuanza kuambukiza siku moja kabla hajajijua kuwa anaumwa. Tatizo ni kwamba kila mmoja wetu amewahi kuugua mafua akapona, kwa hiyo tumeyazoea kama vumbi la barabarani. Mzee akiondoka Julai baada ya wiki moja ya kukohoa, msibani utasikia ni presha, au kifua, au umri. Sijawahi kusikia mafua yakitajwa.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe. Mbele yangu alisimama mzee wa koti zito akasema, «Mwanangu, nipe dawa ya mafua.» Binti wa kaunta alimwamkia vizuri, akafungua droo, akakata kwa mkasi vidonge kadhaa vya mchanganyiko, akavitia katika kibahasha na kuandika 1×3 kwa kalamu nyekundu, kisha akaongeza azuma, yaani antibayotiki, «ili ikate haraka». Hakumuuliza umri, wala kama ana presha, wala kama kuna dawa nyingine anayotumia. Yote yalikwisha kabla mzee hajamaliza kufungua pochi.

Vidonge hivyo vya mchanganyiko vinastahili tathmini yao. Kwa kawaida huwa na parasetamo, dawa ya mzio ya jamii ya piritoni, na mara nyingi dawa ya kuzibua pua. Hiyo ya mwisho inaweza kumpandisha presha mtu ambaye tayari anayo. Aina moja inayotumika sana, fenilefrini, Septemba 2023 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani waliijadili na kukubaliana kwa kauli moja kwamba ikimezwa haizibui pua kwa kiwango kinachouzwa. Parasetamo ndiyo inayoshusha homa, na mteja asiyeambiwa kwamba imo ndani atafika nyumbani aongeze Panadol juu yake, hivyo azidishe dozi bila kujua. Ama azuma, hiyo ni dawa ya bakteria; influenza ni kirusi, na haitakata chochote isipokuwa fedha ya mzee na nguvu ya dawa yenyewe siku atakapoihitaji kweli.

Zamu yangu ilipofika niliuliza kama wana chanjo ya mafua. Binti alicheka, kwa upole, akasema, «Baba, mafua nayo yana chanjo?» Yanayo, na imekuwepo tangu miaka ya 1940. Huandaliwa upya mara kwa mara kwa sababu virusi hubadilika, hupendekezwa hasa kwa wajawazito, wazee, watoto wadogo, wenye maradhi sugu na watumishi wa afya, na mwili huchukua takribani wiki mbili kujijengea kinga baada ya kuchomwa. Haimo katika chanjo za kawaida ambazo watoto wetu hupewa bure kliniki, kwa hiyo anayeitaka hulazimika kuitafuta hospitali binafsi kwa fedha yake, na wengi hawataimudu. Hilo halimhusu binti wa kaunta. Ila duka lina jokofu lenye kipimajoto, linatunza insulini katika nyuzi 2 hadi 8, ambazo ndizo chanjo hiyo huhitaji, na bado hakuna aliyewahi kumwambia mteja mwenye kisukari kwamba kitu hicho kipo, hata kama atalazimika kukifuata kwingine.

Kulinganisha kunasaidia. Iringa mjini, maeneo ya Miyomboni, nililishuhudia duka la dawa muhimu, dogo kuliko hili, la mpango ule wa kusajili maduka madogo ya dawa na kuwafundisha wahudumu wake, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003. Mama kijana aliingia na mtoto mgongoni akiomba dawa ya kifua. Mhudumu alimwambia, «Mama, mfungue kwanza,» akampandisha mtoto shati, akaweka simu kaunta na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima huku wateja wengine tukisubiri. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, hiyo si kazi ya duka. Huyu alizidi, na mama akaelekezwa hospitali bila kuuziwa kitu. Mteja mmoja nyuma yangu alinung'unika kuhusu muda. Mimi niliona ndiyo huduma bora ya dawa niliyoiona msimu ule, na haikugharimu shilingi.

Duka la Mwanjelwa nalipa nyota tatu kati ya tano. Kwa dawa ulizoandikiwa na daktari, nenda bila wasiwasi. Bei zake ni za kawaida na hawakupi mbadala bila kukuambia. Kwa mafua, omba parasetamo peke yake, kataa azuma usiyoandikiwa, na kama una presha, kisukari au ujauzito, sema mwenyewe kwa sababu hutaulizwa. Hufunguliwa hata Jumapili, na asubuhi foleni huwa fupi.